Funguo za Akoru

Akoru husikika kabla hajaonekana. Kati ya shanga zinazoijaza shingo yake, zimefungwa funguo ndogo ndogo za kufuli, nazo hulia kila anapogeuka kukoroga uji kwenye kibanda chake pale barabarani Kakuma. Wapita njia hudhani ni mapambo.

Funguo hizo ni za watoto. Nyuma ya kibanda kuna masanduku ya bati, yaliyoundwa kwa madebe ya mafuta ya mgao, na kila moja lina mwenyewe: mtoto anayelala steji, au aliyeachwa kwa nyanya asiyeona. Mtoto akitaka kufungua sanduku lake, Akoru huinamisha shingo, naye mtoto huuchomoa mwenyewe ufunguo wake. Akoru hafungui sanduku la mtu.

Chanzo cha haya yote ni Lotiir, mdogo wake. Ukame ulipomaliza mbuzi wao kule Lopur, walikuja mjini mikono mitupu. Lotiir akalala barazani, akaibiwa shati, kesho yake akaiba la mwingine. Alipotoka gerezani hakuwa tena yule Lotiir wa mbuzi na mzaha.

"Mtu asiye na pa kuweka chake," Akoru husema, "atajuaje uzito wa cha mwenzake?"

Akuol alifika kwake akiwa na miaka kumi na minne. Mama yake, Adhel, alikuwa amevuka mpaka wa Nadapal kwenda Sudan Kusini kumwuguza nyanya, kisha habari zikakatika. Msichana akaandamana na wachopozi wa steji, akakamatwa. Cornelius, afisa wa watoto, alipomkabidhi kwa Akoru, hakuzungusha maneno.

"Lalamiko jingine hata moja, Mama, nampeleka mahakamani Lodwar."

Akuol alirudi shule, akapewa sanduku, na kukawa na amani. Hadi Jumamosi moja alipoomba ufunguo asubuhi, akauomba tena mchana, na tena baadaye.

"Shingo yangu imekuwa kisima leo?" Akoru alimtania.

Akuol hakucheka.

Alasiri Ewoi, jirani mwenye bucha, alifika mbio, kisu bado mkononi.

"Mama Funguo! Simu yangu iko wapi?"

"Hata salamu ya ejok hakuna leo?"

"Ejok utaipata nikipata simu! Huyo binti yako alikuja asubuhi kuomba mifupa. Fungua sanduku lake."

"Si langu, ndugu yangu."

"Basi Cornelius atalifungua."

Ufunguo ulikuwa pale pale shingoni mwa Akoru. Angeweza kumaliza ubishi mara moja. Badala yake alimwendea Akuol, aliyekuwa akiosha vikombe, akainama mbele yake.

Msichana akauchomoa ufunguo wake, zile nyingine zikalia. Sanduku likafunguliwa. Simu ilikuwa ndani, imeviringishwa kwenye leso safi.

"Si nilisema!" Ewoi akanguruma. "Ulitaka kuiuza kwa nani?"

"Siiuzi, mzee. Dereva mmoja wa lori alinipa namba ambayo mama anatumia. Nilipiga, nikasikia tu 'haloo', nikataja jina langu, salio likaisha. Nikangoja apige yeye."

"Ukaifungia ndani ya bati? Ikilia utaisikiaje?"

"Ndiyo maana nilikuwa nikija kuangalia."

"Mbona hukuniomba?"

"Ungenipa?"

Ewoi alimtazama Akoru, ambaye alikuwa bado ameinama, akingoja. Akuol alimpa Ewoi simu, akafunga sanduku, akaurudisha ufunguo mahali pake kati ya shanga.

"Nisamehe, mzee. Mama, nisamehe."

Ewoi akafuta kisu kwenye aproni, taratibu, kana kwamba hiyo ilikuwa kazi kubwa.

"Kwa Cornelius siendi," akasema hatimaye. "Lakini binti, mimi si bati. Ukitaka kitu, nigonge, nitaitika."

Akaweka salio, akapiga mwenyewe. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Walipokuwa karibu kukata tamaa, ujumbe ukaingia: *Ni mimi Adhel. Niko kwenye lori. Nitapiga nikifika Lokichoggio. Mwambie Akuol asiende popote.*

Sasa simu iko juu ya meza ya bucha, sauti imepandishwa hadi mwisho. Ewoi anakata nyama polepole, na mteja anayepiga kelele juu ya bei anaonyeshwa mlango kwa kisu. Akuol hajaondoa macho kwenye ile simu. Akoru amekaa ubavuni pake, funguo zote amezifumbata kiganjani, zisije zikalia.