Treni Ilipoacha Kusimama

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo hainitoki kichwani, ingawa miaka imekwenda. Ukungu ulikuwa umelala juu ya reli, nasi wanawake tumesimama kituoni na mabeseni yetu ya viazi vya kuchemsha, tukisubiri treni ya kwenda Zambia. Ikaja kama siku zote. Ila haikusimama. Tuliona nyuso za abiria zikipita madirishani taratibu, kama watu unaowaona ndotoni, kisha ukungu ukafunga tena.

Hivyo ndivyo kituo chetu kile kidogo, ng'ambo ya Makambako, kilivyofungwa. Msimamizi akahamishwa, kengele ikang'olewa, nyasi zikaota kati ya mataruma ya reli. Lakini bibi yako, mama mkwe wangu, na wenzake waliendelea kwenda kila siku ya treni. Walikaa barazani wakimenya njegere, wakasalimiana kwa Kibena, "Kamwene", wakaulizana habari za wagonjwa. Treni ikipita, waliinua vichwa tu.

Mimi nilikuwa mjamzito, tena kijana mwenye haraka. Nikamwambia, "Mama, treni haisimami tena. Tunakwenda kufanya nini?"

Akajibu, "Kwani wewe miaka yote hiyo ulikuwa unaifuata treni?"

Nikajifunga kitenge, nikamfuata nikinuna.

Siku hiyohiyo, jua lilipoanza kuchomoza kwenye ukungu, uchungu ukanishika palepale barazani, kabla ya wakati wake. Nyumbani hapakuwa na mtu. Baba yako alikuwa shamba la mbali. Wale akina mama hawakuulizana. Walinilaza kwenye benchi la abiria, wakalibeba mabegani, wakashika njia ya kwenda barabara kubwa. Nakumbuka mawingu yakiteleza juu yangu, na wao wakiimba kwa Kibena nyimbo za kanisani, polepole, kana kwamba tunaelea. Bibi yako alinishika mkono njia nzima. Lori la mbao likatuchukua mpaka hospitali. Dada yako mkubwa alizaliwa mdogo kama kiganja, lakini akalia. Muuguzi alisema tungechelewa kidogo tu, tungepotea wote wawili.

Sasa nasikia huko kwenu Igwachanya lori la mnunuzi wa viazi limeacha kuja, na kikundi chenu cha wakulima hakikutani tena. Mnasema hamna tena sababu ya kukutana. Mimi nasema kutaneni. Kile kilichowakusanya kinaweza kuondoka asubuhi moja bila kuaga, lakini ninyi mmeshakuwa watu wa kujuana. Jueni nani anaumwa, nani hajaonekana wiki hii. Shida ikishabisha hodi, mwanangu, hupati muda wa kuanza kutafuta watu.

Haya, nenda. Mungu akutangulie njiani, aishibishe nyumba yako, asikuache hata siku moja bila watu.