Sakafu ya Kutelezea

Ubao wangu wa magurudumu ulitoka kwenye belo la mitumba upande wa Zambia. Tunduma nzima hatukuwa na pa kuteleza ila kwenye veranda za maduka, na huko tulifukuzwa. Ndiyo maana vijana wa mtaa tukapita nyumba kwa nyumba kuomba mchango wa uwanja wa saruji.

"Yaani nichange ili wewe uteleze?" mama mmoja muuza maharage aliniuliza. "Mvua ikinyesha si tunateleza wote bure?"

Watu walicheka, lakini walitoa: huyu mchanga, yule saruji. Mama yule alitoa debe la mahindi tukaliuze. Nilikuwa nimehamahama sana, nikajiambia uwanja ukiisha nitatulia hapa.

Sakafu ilikamilika msimu wa mavuno. Asubuhi nilipofika na ubao wangu, nilikuta mahindi yameanikwa ukingo hadi ukingo, na mama yule anayageuza kwa mikono.

"Shikamoo mama. Huu si uwanja wetu?"

"Marahaba mwanangu. Wenu na wetu. Na mimi si nilichanga? Subiri yakauke."

Ya kwake yalipokauka yakaja ya jirani, kisha maharage, kisha ulezi. Sikukasirika. Sikuhisi chochote. Nilikaa pale nikiwafukuzia kuku, mpaka siku moja mama akaniomba nisogee, maana nilikuwa nimekalia nafasi pekee iliyobaki. Nikasogea. Wiki hiyohiyo nikapanda lori la kwenda machimbo ya dhahabu ya Saza.