Nilivyoufuta Mwezi wa Idi

Tangu juzi napita vichochoro vya nyuma nisikutane na mtu. Jioni ya kuutazamia mwezi wa Idi nilipanda juu ya paa letu hapa Amu na kamera na kompyuta, nisiweze hata kukaa kitako. Nikapiga picha nyingi za magharibi, nikaiamuru programu izipandanishe, ifute chochote kilichohama, maana huwa ni ndege, kisha initafutie kinachong'aa. Ikanipa taa ya mnara tu.

"Hakuna mwezi! Kesho twafunga!" nikawapigia kelele majirani waliojaa mapaani.

Wakaangua kicheko. Kumbe mwezi nao ulikuwa ukizama polepole, programu ikaufuta pamoja na ndege.

Mama akanishika kidevu, akanibandua kwenye kompyuta.

"Mwanangu, hebu inua kitwa."