Mtani Mwenye Swichi kwenye Simu

Fundi aliyekuja kufunga sensa kwenye kiwanda chetu cha kuchambua pamba, hapa Bariadi, alikuwa Mzaramo. Kwa hiyo alikuwa mtani wetu, na kwa hiyo hakuna aliyemheshimu. Siku ya kwanza tu kuli mmoja alimwambia kwamba vile viboksi vyake vyeupe, vinavyoongea bila waya, ni hirizi za kwao. Akajibiwa kwamba Msukuma akiona kitu kisicho na mkia hajui akishike wapi. Mimi nilikuwa kwenye mizani pale getini, nikaacha magunia ya watu nikacheka.

Kazi ya viboksi ilikuwa rahisi. Kimoja kilikaa kwenye mlango wa mashine. Ukiufungua ili utoe pamba iliyokwama kwenye misumeno, kinatuma taarifa hewani, na kingine kilichofungwa kwenye mota kinakata umeme. Zamani watu waliingiza mikono mashine ikiwa inaunguruma, na kila msimu kulikuwa na mtu aliyerudi kwao na vidole pungufu.

Lakini fundi alikuwa na swichi ileile kwenye simu yake, na mtani hapewi kitu kama hicho. Akiwa kwa mama ntilie anakunywa supu, anazima mashine makusudi. Makuli wanapiga kelele dirishani, "Mtani, washa!" Anawaacha wamtukane kwanza, wamwite mla nazi, ndipo anawasha. Meneja alielezwa, naye akacheka. Wapumbavu wakubwa, wote.

Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyesimamia mashine hiyo. Siku moja pamba ikakwama. Akafungua mlango, mota ikazimika kama ilivyotakiwa, akaingiza mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Wenzake waliokuwa wakimwaga pamba upande wa pili hawakumwona. Waliona mashine imekaa kimya tu, wakajua ni mambo ya mtani, wakapiga kelele zao dirishani kwa furaha. Niliwasikia. Fundi safari hiyo hakuwa amezima chochote, ila alidhani kidole chake kimegusa simu kwa bahati mbaya. Akawasha, na mota ikaitii simu ingawa mlango ulikuwa wazi.

Kilio cha mdogo wangu sitakiandika. Nitaandika kwamba meneja alipofika aliuliza kwanza ni robota gani la pamba limeingia damu.

Mkono ulikatwa hospitali. Wazee wa ukoo wakakaa, wakasema mtu hamkasirikii mtani wake, hata msibani mtani huruhusiwa kumcheka maiti, basi hatuna wa kumshtaki. Nilitamani kumng'oa yule mtu macho, na wazee nao niwafunge midomo. Nilinyamaza kwa sababu mama alinyamaza.

Mama alikuwa amekuja kutoka Ipililo kumuuguza mwanawe. Mdogo wangu alishaanza kuzoea mkono wa kushoto. Ugali ulimdondoka, mchuzi ukamchirizika hadi kwenye fulana, lakini alikula mwenyewe, na hakutaka mtu amtazame. Hicho ndicho alichobakiwa nacho.

Fundi akaja kutuona mchana, wakati wa chakula. Alisimama mlangoni amekonda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtani, mbona hututanii leo?"

Akavua viatu, akaingia.

"Basi nawa mikono," mama akasema. "Mlishe."

"Mayu, hapana," mdogo wangu akasema. Mayu ni mama kwa Kisukuma. "Naweza mwenyewe."

"Nyamaza, ng'wanawane, mwanangu. Mkono wako anao huyu."

Fundi akapiga magoti kwenye mkeka, akafinyanga tonge, machozi yakidondokea sahani. Nilifurahi. Nasema wazi, moyo wangu ulijaa furaha, na nilitaka sahani ile isiishe.

Kisha nikamtazama mdogo wangu. Mwanamume mwenye mke na watoto wawili, na watoto wenyewe walikuwa wamekaa palepale, wanaangalia. Alikuwa amekaza meno, uso umegeukia ukutani. Mama akamshika kidevu, akamgeuza kama anavyogeuzwa ndama anayenyweshwa dawa.

"Fungua," akamwambia.

Akafungua mdomo.