Mkono wa Kushoto wa Getrude

Hebu mwone kwanza anavyofika. Ni Jumatatu ya mwezi wa tano, saa moja na nusu asubuhi, na kutoka stesheni ya treni ya chini ya ardhi ya Hallonbergen anapanda mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mnene kidogo, mwendo wa haraka, mkononi mfuko wenye viatu vyeupe vya kazini. Jina lake Getrude. Waliomzoea humwita Mama Cyprian. Kazaliwa Muleba, Stockholm ana mwaka wa kumi na sita, na kwa muda mwingi amekuwa akisafisha ofisi za watu. Sasa anajifunza kuwa msaidizi wa daktari wa meno.

Mwenyewe alikuwa amekwendea upishi. Kwenye chuo cha ufundi cha watu wazima, jikoni kuko ghorofa ya chini na meno yako ghorofa ya pili. Siku ya kujiandikisha, rafiki yake Orpha, Mkongomani wa Bukavu, alishajaza fomu yake ya upishi, akawa anamshikia kalamu. Lakini Getrude akasikia mlio wa mashine huko juu, akapanda ngazi “kuchungulia tu.” Akakuta meza ndefu imepangwa mataya ya plastiki, kila taya na meno yake. Akamwuliza mwalimu, “Mnajuaje jino mnalolitaka ni lipi?” Akaambiwa kila jino lina namba. Akataka kujua gego la mwisho ni namba ngapi. Basi, upishi ukaishia hapo.

Jumatatu hii anaanza wiki ya mwisho ya mafunzo ya vitendo katika kliniki moja ndogo. Ijumaa, Josefin, msaidizi wa siku nyingi anayemsimamia, atajaza fomu: kafaulu au hakufaulu. Akifaulu, kuna kazi inamngoja Upplands Väsby mwezi wa nane. Akianguka, anarudia muhula, na kazi anapewa mwingine.

Na shida yake, ukiambiwa, unaweza kucheka. Shida yake ni mkono.

Msaidizi hukaa upande wa kushoto wa mgonjwa. Mkono wake wa kulia hushika bomba la kufyonza mate, na hauliachii. Wa kushoto ndio unaompa daktari vifaa. Daktari habandui macho mdomoni. Anafungua kiganja tu, kifaa kinatua. Sasa Getrude kalelewa na mama ambaye ukimpa hata kiberiti kwa kushoto hakipokei, na mkono wako anauzaba kofi. Angewezaje? Tena daktari mwenyewe mtu wa miaka sitini na nane, kichwa cheupe pe! Kila kiganja kile kilipofunguka, Getrude alilihamishia bomba kushoto, akatoa kifaa kwa kulia, kwa adabu, goti likitaka kujikunja. Mate yakajaa. Mgonjwa akapaliwa. Daktari akabaki na kiganja hewani kama mtu anayepima mvua.

“Getrude,” Josefin akamwuliza siku hiyo kwenye chumba cha kahawa, “bega lako la kushoto linauma?”

Ilikuwa rahisi kuliko kueleza. “Kidogo,” akajibu.

“Pole. Basi Ijumaa tusikupime. Pumzika, tutaona mwezi wa tisa.”

Mwezi wa tisa! Akaweka kikombe chini. “Josefin, nimekudanganya. Bega ni zima. Kwetu humpi mtu kitu kwa mkono wa kushoto. Ni kumtukana. Mtu mzima ndiyo kabisa.”

Josefin hakukasirika. Alisogeza kiti. “Hata chumvi?”

“Hata chumvi.”

“Hata mtoto?”

“Mtoto ndiye anayefundishwa.”

“Na aliyezaliwa mtu wa kushoto, yeye anafanyaje?”

Getrude alikuwa na binamu wa hivyo, na miaka yote hiyo hajawahi kumwuliza. “Sijui,” akasema, na swali likamwasha kuliko aibu aliyokuwa nayo.

“Basi Ijumaa ibaki palepale,” Josefin akasema. “Ila daktari asingoje, na mgonjwa asipaliwe.”

Mchana ule Getrude aliingia jikoni kwa Orpha pale chuoni, akashika sufuria kwa kulia. “Niombe kitu chochote. Nitakupa kwa kushoto.”

“Haya, nipatie kijiko.”

Akakinyoosha. Orpha, bila kufikiri, akarudisha mkono wake nyuma, na kijiko kikalia sakafuni.

“Ee, Mama Cyprian! Nimekukosea nini?”

“Orpha, si tumekubaliana!”

“Kichwa ilikubali. Mukono njo haikukubali.”

Wakacheka mpaka mwalimu wa upishi akaja kuona kama mchuzi umeungua. Wakaanza upya: kijiko, karoti, kisu kwa mpini. Mwishowe Orpha akafumba macho ili asione, na vitu vikaanza kupita. Kwa nini? Getrude alilichunguza hilo ndani ya treni mpaka akapitiliza kituo. Kumbe macho ndiyo yanayotukanwa? Kufika Alhamisi, mkono ulikuwa unakwenda wenyewe.

“Adabu imeisha kabisa,” Orpha akamtania. “Sasa uko Muzungu.”

Ijumaa, mgonjwa wa kwanza akaingia na fimbo. Papa Bonaventure! Mzee wa Kikongomani anayeongoza nyimbo kwenye misa ya Kiswahili!

“Shikamoo, Papa.”

“Marahaba, binti.” Hiyo marahaba kaipata kwa Watanzania, na anaipenda. “Kumbe ni weye utanifungulisha mdomo leo?”

“Ndiyo, Papa. Na utaniona nampa daktari vitu kwa kushoto. Usinifikirie vibaya, kazi yenyewe iko hivyo.”

Mzee akageuza kichwa. “Huyu mwenye mvi?”

“Huyu huyu.”

Akaguna, akalala, akafungua mdomo. Macho hakuyafumba.

Kiganja kikafunguka, kifaa kikatua. Kikafunguka, kikatua. Bomba halikuhama. Getrude aliyaona macho ya mzee yakiufuata mkono wake, kwenda na kurudi, na mara mbili mkono wa kulia ulitaka kunyanyuka, akauzuia. Jino likazibwa bila mtu kukohoa. Nyuma yake Josefin akaandika, kisha akaigeuza fomu ili aisome: kafaulu.

Papa Bonaventure akainuka, fimbo mkono wa kulia, mdomo umekufa ganzi upande mmoja. Getrude, furaha imemjaa, akachukua kofia ya mzee ukutani na kumpa. Hapo ndipo alipouona mkono wake hewani. Wa kushoto! Bomba hakuna, daktari hayupo, wala wa kulia haukuwa na kazi yoyote.

Mzee akaitazama kofia. Fimbo angeweza kuiegemeza kwenye kiti, kiti kilikuwa hapo hapo. Hakuiegemeza. Akanyoosha wake wa kushoto, taratibu, akaipokea, akaivaa. Akasema jambo refu, lakini kwa ulimi ule mzito likasikika neno moja tu, “binti.” Akatoka.

Tangu hapo kila Jumapili Getrude anamwamkia, naye anaitikia marahaba yake kama kawaida, na hakuna aliyeitaja kofia. Wewe unaonaje: mzee alikuwa anamkemea, alikuwa anampongeza, au ni mkono wa kulia tu uliokuwa na fimbo?