Mashine Iliyonuka Sambusa

Mtu akikuambia alifanya kazi katika lile shamba la kahawa kati ya Ruiru na Thika na hakumjua Sele, huyo anakudanganya mchana peupe. Sele alijulikana kwa mguu wake wa kushoto, ambao mashine ya kiwanda fulani cha nguo huko Thika iliuponda akiwa kijana, na alijulikana zaidi kwa pikipiki yake ya magurudumu manne. Nasema yake, ingawa mwenyewe hasa alikuwa mwenye shamba, tajiri mmoja aliyekaa Nairobi. Aliiona kwenye maonyesho ya kilimo, akaipenda, akainunua, na siku ilipoletwa akaipanda mara moja tu. Ikamtupa mtaroni na suti yake. Tangu hapo hakutaka hata kusikia ikitajwa.

Basi ikawa ya Sele. Aliitumia kutupelekea maji ya kunywa, dawa za kunyunyizia mibuni na amri za meneja wetu, Mutiso, ambaye alipenda sana kutoa amri lakini hakupenda kuzitembeza. Kwa miguu Sele hangeweza kazi hiyo. Kutoka langoni hadi stoo tu alikuwa anashikilia ukuta. Lakini akishapanda ile mashine aliketi wima, kofia yake ya kufuma kichwani, akatusalimia mmoja mmoja kwa jina, na hakuna aliyekumbuka kwamba ana mguu mbovu. Nadhani hata yeye alikuwa anasahau.

Mimi, Waithira, nilikuwa katika kundi la akina mama wa kupogoa kahawa. Nilimpenda Sele kama ndugu, na siku nyingi nilitamani kumzaba kofi. Alikuwa mkweli kupita kiasi. Ukimwuliza kama kitambaa chako kipya kimekupendeza, anakitazama, anafikiri, halafu anasema hapana.

Taabu ilianza Januari ya mwaka wa tisini na saba. Kiangazi kilikuwa kikali, na ule udongo wetu mwekundu ukawa unga. Mashine ikapita mara chache, ikakohoa, ikazima. Sele akaifungua, akakuta chujio la hewa limeoza na kumeguka, na vumbi limeingia hadi kwenye kabureta. Chujio jipya halikupatikana Thika, na Mutiso hakuwa na haja ya kuagiza Nairobi.

"Sikiliza, Sele," akamwambia mbele yetu sote. "Hii kitu ikizima tena, inauzwa kama chuma kuukuu. Na wewe utachukua jembe kama wengine ama urudi nyumbani."

Kila mmoja wetu alijua Sele na jembe haviwezekani. Alikuwa na mke, Saida, na mtoto wao Zaid, na chumba cha kupanga pale Majengo, Thika. Jioni hiyo alipanda lori la shamba la kurudi Thika bila kumuaga mtu, na kwa Sele kutoaga kulikuwa kama kwa mtu mwingine kupiga mayowe.

Fundi mmoja wa Thika akamweleza siri ya chujio. Sponji peke yake haitoshi, inabidi ipakwe mafuta yanayonata, ili vumbi linaswe kabla halijafika kwenye injini. Sponji Sele alikuwa nayo. Alikata pembe ya godoro lao, na kwa kuwa alikuwa mwangalifu, alikata upande wa Saida. Alitaka tabaka mbili, kubwa kuliko lile chujio la zamani, na zote azivalishe soksi ndefu ya mwanamke ili zisimeguke. Soksi nayo ilikuwa ya Saida. Kisha akaziweka zile sponji mdomoni, akavuta pumzi kupitia kwazo, kupima kama hewa inapita.

Ilikuwa Ramadhani. Saida alimtazama mume wake akivuta godoro kabla ya magharibi, akauliza kama hiyo haivunji saumu.

Yakabaki mafuta. Ya injini yalikuwa stoo, na Mutiso aliyatoa kwa shingo upande, tena kwa kipimo cha kijiko. Hapo ndipo Sele alipofanya kosa ambalo linaweza kufanywa tu na mtu anayeishi na mwanamke wa kukaanga futari kila siku. Alitazama karai la Saida. Ukingoni, pale mafuta yaliyotumika yalipokaukia, palikuwa na vumbi limeganda hata kwa steelwool ya kusugulia sufuria halitoki. Akajisemea, kama kuna kitu kinachonasa vumbi duniani, basi ni hiki.

Akachovya sponji kwenye mafuta yaliyobaki ya kukaangia sambusa.

Naomba nieleweke: ilifanya kazi. Mashine ilipanda mwinuko wa mtoni kwa mwendo ambao hatujawahi kuuona, vumbi likitimka nyuma yake, na haikukohoa hata mara moja. Lakini injini ilipopata moto, yale mafuta nayo yakapata moto. Ilipopita karibu na sisi, shamba zima lilinuka sambusa ya nyama, vitunguu, dania na pilipili. Ilikuwa asubuhi. Akina mama walishusha mikasi ya kupogolea wakaanza kutafuta vikombe vyao, wakidhani ni saa ya chakula.

"Ngai!" nikasema. "Nani anapika huku?"

"Ni mashine," akasema Kavindu. Kavindu alikuwa mkubwa wetu kwa umri, mama wa kanisa, mtu wa kutandika vitambaa vya madhabahu kila Jumapili. "Ni mashine, na imepika vizuri."

Kwa sababu ya vumbi lile, Sele alilazimika kuiosha sponji kila jioni na kuichovya tena, na mafuta yalikuwa ya kilichokaangwa siku hiyo. Tukaanza kulijua jiko la Saida kuliko majirani zake. Leo mandazi ya iliki. Leo viazi karai. Siku ya samaki ilikuwa mbaya, paka wa stoo walimfuata hadi mtoni na mbwa wakawafuata paka. Mutiso aliyekuwa akitukaripia kwa kupumzika akaanza kupumzika mwenyewe, amesimama njiani na pua juu, anangoja mashine ipite.

Na katikati ya yote hayo aliketi Sele, amefunga, kinywa kikavu, amepanda harufu ya futari kuanzia asubuhi hadi jua linapotua. Nilimhurumia hadi nikakasirika.

"Baba Zaid, si uweke mafuta ya gari tu? Nikuchangie?"

"Inatembea vizuri hivi, Mama. Nikibadilisha na izime, nitafanya nini?"

Huko Majengo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Alikuwa akishuka kwenye lori nguo zake zikinuka kama hoteli. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba Sele anakula mchana huko kwa makafiri wa Ruiru. Mzee mmoja msikitini akamwomba apumue karibu yake. Mtu pekee mtaani ambaye nilijua hawezi hata kulamba kidole kwa siri, ndiye aliyeitwa mla mchana. Saida ilibidi asimame kisimani na karai mkononi, awaeleze wanawake habari ya sponji na kabureta. Walimsikiliza kwa adabu na hawakuamini hata neno moja.

Basi mashine ikapona kabisa. Na hapo ndipo Mutiso akaja na habari, uso umechangamka.

"Sele, umefanya kazi poa. Nimeongea na mzee mwenye shamba. Sasa kwa vile inatembea, inaweza kuuzwa na bei nzuri. Kuna mtu anakuja kesho kuiona."

Sele akauliza polepole, "Na mimi?"

"Si nilikwambia? Jembe liko."

Nilisimama pale na mkasi wangu nikashindwa kuelewa dunia. Ikiharibika inauzwa, ikipona inauzwa. Mtu alikuwa amekata godoro la mke wake, ameitwa mla mchana, ili tu arahisishe safari ya kufukuzwa kwake.

Mnunuzi akaja kesho yake. Aliitwa Absalom, mtu mnene mwenye tabasamu, ana shamba lake la maua upande wa Juja. Aliizunguka mashine, akapiga magurudumu teke, akanusa, akakunja uso, akanusa tena. Kisha akamgeukia Sele, akampita Mutiso kana kwamba hayupo.

"Wewe ndiye unaiendesha. Niambie ukweli. Inasumbua?"

Sisi tulikuwa mstari wa pili wa mibuni, tukasikia kila neno. Sele angesema neno moja tu. Angesema ndiyo. Angesema inazima, inachemka, inaruka, chochote. Alimeza mate, kisha nadhani akakumbuka kwamba hata mate ameyafunga.

"Ilikuwa inasumbua," akasema. "Sasa haisumbui."

Wallahi, kama ningekuwa na jiwe ningemrushia. Machozi yalinitoka kwa hasira.

Absalom akapanda, akaijaribu. Ilinguruma vizuri, msaliti yule, ikateremka kwenye mstari wetu ikinuka bajia. Akasimama karibu na Kavindu, kwa sababu alikuwa mjanja, alijua mameneja hudanganya na wamama wa shamba hawana haja.

"Habari ya kazi, Mama? Hii kitu huwa inawasumbua?"

Kavindu akajifuta jasho na leso. Akamtazama machoni kwa upole, kama anayemsalimia mgeni mlangoni mwa kanisa.

"Hii? Mwanangu, jana tumeisukuma kutoka mtoni. Juzi pia."

"Lakini sasa inatembea."

"Ni kwa sababu imekula. Hii haitembei bila kukaangiwa. Kila jioni lazima mtu aikaangie, na si chakula cha jana, inataka kipya. Ikikosa, inalala."

Absalom akacheka. Sisi hatukucheka. Nikasogea nikasema, "Na ukiipikia bila kitunguu inazima njiani. Sisi ndio huwa tunaisukuma. Angalia mgongo wangu." Waceke, aliyekuwa nyuma yangu, akaanza kupapasa mgongo wake pia, akaguna kwa uchungu mkubwa sana.

Absalom hakutaka kuamini. Akafungua kile kisanduku chini ya kiti, akatoa sponji, akavua soksi ya Saida kwa vidole viwili. Mafuta yakamchuruzika mkononi. Kwenye sponji palikuwa na kipande cha kitunguu, kizima kabisa, kilichokaangwa hadi kuwa kahawia.

Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akairudisha soksi, akafunga kisanduku, akatembea kwa miguu hadi kwenye gari lake. Mutiso alimkimbilia akimwita bwana, bwana. Gari likaondoka.

Sele akaja kwetu taratibu, akishika mbuni mmoja baada ya mwingine ili asianguke. Uso wake ulikuwa umesawijika.

"Mmemwambia nini?"

"Kwamba huwa tunaisukuma," nikasema.

"Mama Kavindu. Hamjawahi kuisukuma. Mmesema uongo kwa ajili yangu, na ni mwezi mtukufu."

Kavindu alikata tawi moja kavu, akaliacha lianguke.

"Aliyefunga ni wewe, Baba Zaid," akasema. "Sisi tumekunywa chai asubuhi."

Sele akatutazama mmoja mmoja, na sikujua kama atacheka au atalia, na nadhani yeye pia hakujua. Kisha akajivuta hadi kwenye mashine, akapanda, akaketi wima, akaenda kutuletea maji.