Singano na Njia ya Chemchemi

Siku moja kabla ya kuitwa vitani, mimi na Singano tulikuwa tukipanda kilima cha Magamba, kila mmoja na gunia la viazi begani, tukibishana nani amechoka zaidi. Mama yangu akawa anashuka na kuni kichwani. Singano akatoka njiani papo hapo, akasimama kwenye majani, upande wa bondeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na mizigo."

Kwetu njia ni nyembamba na mlima hauna huruma. Mkubwa akija, mdogo humpisha, tena kwa kusimama upande wa bonde, ili mkubwa abaki karibu na ukuta wa mlima. Hakuna anayefundishwa jambo hilo, unakua nalo.

Sote wawili tulikuwa mgambo, na vita vya Kagera vilipoanza tulichukuliwa pamoja. Singano alikabidhiwa mashine ya kutafutia mabomu ya ardhini: mpini mrefu wenye sahani mwishoni, na visikilizio vya masikioni. Mimi nilimfuata nyuma nikifunga kamba nyeupe pande zote mbili, kuonyesha palipo salama.

Adui alipofukuzwa, tulipewa njia ya chemchemi ya kijiji kimoja cha mlimani. Wenyeji walikuwa wamerudi na hawakuwa na maji mengine. Walikaa kando ya barabara na ndoo tupu, wakitutazama.

Ardhi ile ilijaa maganda ya risasi na vipande vya chuma. Mashine ililia kila mahali, nami roho ikanitoka kila ilipolia. Singano hakuwa na haraka. Alipitisha sahani kushoto na kulia, kisha mbele na nyuma. Milio ilipokutana, hapo ndipo palipokuwa katikati ya kitu. Halafu aliiinua sahani polepole. Mlio mwembamba uliokatika upesi ulikuwa kitu kidogo, ganda la risasi mara nyingi. Mlio mpana uliomfuata hata sahani ilipopanda ulimfanya apige magoti. Ukiwa mpana lakini hafifu, alisema, basi ni kikubwa na kimelala chini.

"Hiki kiko kina cha kiganja," aliniambia mara ya kwanza, akaanza kudunga udongo kwa singe, kisu cha mdomo wa bunduki, kwa mshazari, kutokea pembeni. "Kiazi hakipigwi utosini, ndugu yangu. Unakiendea ubavuni."

Kikawa kina cha kiganja. Nilimpenda sana mtu yule siku ile, na nilijivunia kwamba tumetoka mlima mmoja.

Tukafika chemchemi. Singano alizima mashine, akanywa maji kwa mikono miwili, akacheka peke yake. Afande akawaruhusu watu washuke.

Aliyetangulia alikuwa bibi mmoja mwenye mtungi kichwani. Sisi tulikuwa tukipanda, yeye akishuka. Singano alikuwa mbele yangu.

"Shikamoo, bibi."

Akampisha.

Upande wa bonde, nje ya kamba.

Mlipuko ulivunja mtungi. Bibi alianguka, akainuka mzima. Singano hakuinuka.

Sijamlaumu bibi yule hata siku moja. Namlaumu aliyekifukia kitu kile njiani pa watu wanaokwenda kuchota maji. Kijiji kilikunywa, na najua maji yale yalikuwa na thamani gani; bado nayaona ni ghali mno.

Niliporudi Magamba mama aliniuliza ilikuwaje. Nikamwambia alikuwa anampisha mkubwa. Mama akasema, "Hata mimi alinipisha," akalia.

Sasa mvi zimenijaa. Watoto wa shule wakikutana nami kilimani hukimbilia ukingoni, tayari kwa shikamoo yao. Wamelelewa vizuri, na moyo wangu hauwezi kuvumilia. Najibana ukutani kabla hawajatoka njiani.

"Pita, mwanangu," namwambia kila mmoja. "Pita hapa hapa. Njia inatutosha."